Vichochoro vya Nyuma ya Stesheni

Wenzangu mliolelewa landi za reli hapa Nakuru, mtakumbuka kwamba enzi zetu saa ya ukutani ilikuwa pambo tu. Saa zenyewe tulizijua kwa masikio. King'ora cha kinu cha unga kikilia, tunajua akina baba wa zamu ya asubuhi wanatoka. Adhana ikisikika kutoka Bondeni, tunajua ni wakati wa kukimbilia mferejini kabla foleni haijawa ndefu. Kengele ya hekalu la Wahindi nayo ilikuwa na saa zake, ambazo hakuna mtu wa landi aliyezielewa, lakini tuliisikiliza hivyo hivyo. Mtoto wa leo ukimweleza haya anakutazama kwa huruma, kisha anainamia simu yake. Nahisi huwa anatafuta jina la ugonjwa wangu.

Kwa ambao hawakubahatika, na sisemi hivyo kwa kuringa ingawa naringa kidogo, landi zilikuwa nyumba za wafanyakazi wa reli. Vyumba vilipangwa mstari mmoja mrefu, kila familia chumba chake na jiko la nyuma, mfereji mmoja kwa mstari mzima. Wengi wetu tulikuwa watu wa magharibi, Waluhya kwa Wajaluo, watoto na wajukuu wa waliokuja kufuata kazi ya reli wakasahau kurudi. Ukuta kati yetu na jirani ulikuwa mwembamba hivi kwamba mama akikaanga omena, jirani alisonga ugali mkubwa kidogo, kwa matumaini. Ikifika Januari, upepo wa ziwani ulituletea lile vumbi jeupe la magadi, na nguo tulizoanika zikarudi ndani zikiwa chafu kuliko zilivyotoka. Mama alizifua tena huku akiligombeza ziwa kwa Kibukusu.

Baba yangu, Mzee Barasa, aliendesha injini za mvuke upande wa Kisumu. Mimi ni Nekesa, kifungua mimba wake, na wakati ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi, magoti yenye makovu, na masikio makali kuliko ya sungura.

Injini zile zilikuwa na honi ya kuvutwa kwa kamba, na kila dereva alikuwa na mkono wake. Treni ikianza kuteremkia mjini, dereva alivuta honi, na hakuwa anafukuza ng'ombe relini. Alikuwa anamwambia mkewe: nimefika, bandika maji. Landi nzima ilijua honi ipi ni ya nani. Mmoja alikatakata kama mwenye kwikwi. Mwingine, Mmaragoli mmoja mcha Mungu, yake ilifanana na mwanzo wa pambio, na wanawake waliokuwa wakifua walimmalizia kwa sauti. Mtu angekuwa katikati ya umbea mtamu, honi ikilia anashika leso, "Wa kwangu huyo!" na sufuria inapanda jikoni kabla treni haijafika stesheni. Mwenyewe akiingia mlangoni anakuta ugali unageuzwa.

Kulikuwa na dereva mmoja, simtaji maana wajukuu wake wapo na wana mdomo, ambaye alipiga honi yake ya nyumbani mara mbili. Mara ya kwanza akipita Njoro, mara ya pili akiingia Nakuru. Wanaume walimtetea wakasema ni mazoea ya mkono tu. Wanawake wakawa wanaulizana pale mferejini, kwa sauti ya kumfikia mhusika, "Na huko Njoro ni nani anabandika maji?" Mkewe alipanda basi Jumatatu moja kwenda kujionea mwenyewe. Hatukuambiwa alikuta nini, ila honi ya Njoro haikusikika tena.

Ya baba ilianza chini, ikapanda polepole, ikakatwa mara mbili, kisha ikaachiwa mkia mrefu uliofifia taratibu mpaka usijue umeisha lini. Mama aliusikiliza mkia ule kimya, na ole wako uongee. Ukishaisha ndipo anarudi kutugombeza, lakini sauti imelainika. Mama hakuwa mtu wa maneno matamu. Sikuwahi kumsikia akimwita baba jina lolote zaidi ya "Baba Nekesa," na hata hilo mara nyingi lilikuwa mwanzo wa lawama. Lakini niliuona uso wake honi ikilia, nikajua mapema kwamba anampenda yule mtu sana.

Baba alikuwa na msaidizi wake kwenye injini, yule mtu wa kuangalia moto, ambaye sote tulimwita fayamani. Jina lake Kiprono, kijana wa kutoka upande wa Molo, mrefu, mwenye aibu, na tumbo lisilo na mwisho. Baba alimpenda kama mdogo wake wa kuzaliwa. Wakirudi safari alikula kwetu, na huko njiani baba alimfundisha kila kitu, honi ikiwemo. Siku zingine wakishapita Njoro alimwachia kamba ajaribu, na sisi huku landi tukasikia honi ya baba ikitoka imepindapinda. Mama alimsubiri mezani.

"Kiprono, wewe unavuta honi kama mtu anavuta ndama kumpeleka dipu. Nani anakukimbiza?"

"Mama, nitajua tu," Kiprono anasema, mdomo umejaa.

"Utajua. Ongeza mboga."

Sasa, mama alikuwa na amri moja kubwa juu yangu: nisivuke reli kwenda mji wa zamani. "Huko umepoteza nini?" aliniuliza kila mara, na kwa kweli sikuwa nimepoteza kitu. Kwa hivyo, bila shaka, nilikuwa huko kila Jumamosi.

Tulikwenda mimi na Achieng, binti wa jirani, mwenye miguu mirefu na mdomo mrefu zaidi. Wenzetu wakiruka blada na kucheza kati pale uwanjani, sisi tulijifanya tunacheza brikicho, tukajificha vizuri mno, tukaibukia mtaa wa nyuma ya stesheni. Huo ndio ulikuwa mji kabla mji haujawa mji. Maduka ya Wahindi yalisimama bega kwa bega, veranda zenye nguzo, mabati yenye rangi nyekundu iliyobambuka, na juu kabisa mbele ya kila duka, kwa herufi za saruji, jina la mwenyewe na mwaka aliolijenga. Mchezo wetu ulikuwa kutafuta mwaka wa zamani kuliko yote. Aliyeshindwa alimbeba mwenzake mgongoni mpaka kona. Achieng alidanganya sana. Alisoma miaka ambayo hata reli yenyewe ilikuwa haijafika, nami nikambeba, maana sikuwa na ushahidi.

Mafundi cherehani walikaa verandani na mashine zao za kukanyaga, tepu shingoni, wakishona sare za shule huku wakibishana juu ya mpira. Kulikuwa na duka la matandiko ya farasi. Farasi walishaondoka zamani na wazungu wao, lakini mwenye duka, mzee wa Kihindi mwenye miwani mizito, alitoka kila Jumamosi akang'arisha matandiko yale moja moja kama kuna mteja anayekuja saa nane. Tulimhurumia. Mara moja Achieng aliingia akamuuliza bei ya moja, kwa uso mkavu kabisa, na mzee akamweleza kwa heshima zote, ngozi imetoka wapi, uzi ni wa namna gani, akamwambia akawaze arudi. Tulitoka, hatukuweza hata kucheka.

Kona ya mwisho kulikuwa na stoo ya viungo. Hapo ulinusa bizari, pilipili, iliki na karafuu vyote kwa pamoja, ukapiga chafya mara tatu hata kama huna mafua. Na nyuma ya maduka yote hayo ndiko kulikokuwa na vichochoro, ambavyo wazee walituambia vilijengwa kwa ajili ya mkokoteni wa kuzoa ndoo za choo, enzi hizo. Sisi tulivijua kama viganja vyetu. Kipi kina mbwa, kipi kinaishia ukutani, kipi kina mama wa kumwaga maji bila kuangalia. Kimoja, kile cha nyuma ya stoo ya viungo, kilikutoa moja kwa moja kwenye ua wa reli, na pale kwenye ua kulikuwa na bati moja lililolegea. Ukilisukuma, unatokea nyuma ya bohari la mizigo, mwisho kabisa wa jukwaa la stesheni. Siri hiyo tulikula kiapo tusimwambie mtu, tukalamba na chumvi.

Nilikamatwa kwa pua ya mama. Nimeingia nyumbani nimenawa miguu, nimejipangusa vumbi, nimebeba hadi kuni ili nionekane mtoto mwema, na yeye akanusa kichwa changu.

"Hii ni bizari. Nani amekupikia pilau?"

Kandambili ya bluu ilifanya kazi yake. "Mtoto wa kike, unazurura vichochoroni kama paka! Siku utapotelea huko, mimi sitakuja kukutafuta!" Nililia, nikaapa, na Jumamosi iliyofuata nikarudi. Watoto wa siku hizi ukiwakemea kidogo wanasema umewaumiza hisia. Sisi hisia zetu zilikuwa matakoni, na zilipona haraka.

Sasa nifike kwenye Jumamosi yenyewe.

Ulikuwa msimu wa mvua ndefu, na ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Baba na Kiprono walikuwa wameondoka Alhamisi kwenda Kisumu na treni ya mizigo, tukiwatarajia Jumamosi mchana. Asubuhi ile mimi na Achieng tuliiba nafasi mvua ilipopumzika, tukazunguka mji wa zamani mpaka viatu vikajaa tope, tukarudi kama saa nne tukipanga uongo njiani. Uongo wenyewe haukuhitajika. Tulikuta wanawake wamesimama mbele ya milango yao, hakuna anayefua, hakuna anayesema. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni kwetu, mikono mapajani. Aliniona na tope langu lote, na hakuniuliza natoka wapi. Hapo ndipo niliogopa.

Mama Achieng alinivuta kando akaniambia. Stesheni walikuwa wamepigiwa simu kutoka kule juu mlimani. Mvua ilikuwa imekula udongo chini ya reli karibu na Molo, na treni ya mizigo iliyokuwa inashuka imeanguka. Wakati bado wanaeleza, simu ikakatika. Treni ya mizigo iliyokuwa inashuka asubuhi hiyo ilikuwa moja tu, ya baba.

Wanawake walikuja wakakaa na mama, bila kuitwa. Mmoja alianza wimbo wa kanisani, taratibu, ule unaojulikana unaimbwa lini. Mama aliinua mkono. "Hapana," alisema. "Bado." Yule mama akaukatisha wimbo, akafuta macho kwa leso. Wanaume wawili walikwenda stesheni wakarudi na maneno kwamba lango limefungwa, askari wamewekwa, na familia haziruhusiwi kuingia mpaka wakubwa waseme. Tukakaa. Mimi nilikaa chini karibu na miguu ya mama, nikaomba Mungu kwa lugha zote nilizozijua, pamoja na Kijaluo kidogo alichonifundisha Achieng, ambacho nilikuja kujua baadaye kilikuwa matusi.

Kama saa saba hivi, honi ikalia.

Ilianza chini. Ikapanda. Ikakatwa mara mbili. Landi ililipuka kwa vigelegele. "Ni Barasa! Barasa huyo!" Watu walikumbatiana, Achieng aliruka mpaka akaanguka kwenye dimbwi, na mimi nilikimbilia jikoni nikilia kwa furaha, nikawasha jiko, nikabandika sufuria ya maji kama mtu mzima. Niligeuka kumwangalia mama anione nilivyo na akili. Alikuwa hajasogea pale kigodani. Uso wake ulikuwa umekuwa kama majivu.

"Mama, ni baba!"

"Huyo si baba yako."

"Mama, si ni honi yake? Umeisikia!"

"Honi ni yake. Mkono si wake." Alisema polepole, kama anayehesabu maneno. "Mkia umekatwa. Huyo ni Kiprono."

Vigelegele vilififia nyumba moja baada ya nyingine, maneno hayo yalivyokuwa yanapita. Kisha mama akauliza. "Mwanaume anapiga honi ya mwanaume mwingine kwa nini, kama mwenyewe yupo?"

Aliinuka, akafunga leso kiunoni, akatoka. Nilimfuata mbio. Langoni kulikuwa na umati, na askari wa reli, kijana mwenye koti la mvua, alisimama na rungu kifuani. "Mama, amri ni amri." Mama alimsihi. Sikuwahi kumsikia mama akisihi mtu. Alimwita askari yule "baba," akamwita "mwanangu," akamwambia anataka kuona tu, hata kwa mbali, kisha atarudi. Askari akawa anaangalia viatu vyake. Nadhani na yeye alikuwa anaumia, lakini hakufungua.

Nilimvuta mama mkono. "Mama, twende. Najua njia."

Alinitazama. Nilijua nimejichimbia kaburi, na sikujali. Angeniuliza naijuaje, ningemwambia yote hapo hapo, mbele ya umati.

"Ongoza," alisema.

Basi nikamwongoza mama yangu kwenye vichochoro. Tulivuka reli tukapita veranda za maduka, mafundi cherehani wakisimamisha mashine kutuangalia, tukakata kushoto nyuma ya duka la matandiko. Tope lilifika vifundoni. Yule mbwa mkali ambaye mimi na Achieng tulimpita kwa kumtupia mfupa alitoka akibweka, na mama akamwambia, "Nyamaza wewe!" kwa sauti ile ya kwetu nyumbani. Alinyamaza, akarudi chini ya ngazi zake. Tulipofika nyuma ya stoo ya viungo mama alipiga chafya, na hata katika hofu ile yote alinitupia jicho la pembeni, jicho la mtu aliyepata ushahidi aliokuwa akiutafuta mwaka mzima.

Bati lilikuwa la watoto, na mama alikuwa mwanamke wa kushiba. Alikwama katikati. Nilimsukuma kwa mabega, nikimwomba msamaha na kumsukuma, nguo ikararuka, na tukaangukia upande wa pili, nyuma ya bohari. Mwisho wa jukwaa injini ilikuwa imesimama na mabehewa mawili tu, ikihema. Kiprono alikuwa chini kwenye ngazi yake, kifua wazi, hana shati, uso mweusi wa masizi. Alimwona mama akaanza kulia.

Mama alisimama. Mkono wake ndani ya mkono wangu ulikuwa baridi kama chuma. Nilitaka kumwambia Kiprono anyamaze, nilitaka arudishe machozi yake ndani, maana kama angeendelea hivyo ingekuwa kweli.

Kisha sauti ikatoka ndani ya injini, dhaifu, imekasirika kidogo. "Kiprono, ni nani huyo?"

Baba alikuwa ameketi sakafuni mwa injini, ameegemea, mkono wa kulia umefungwa kifuani kwa shati la Kiprono, shati lote likiwa damu. Uso ulikuwa wa kijivu, midomo imekauka. Alituangalia, tope mpaka magotini, nguo ya mama imeraruka begani.

"Mama Nekesa," alisema. "Mmepitia wapi?"

Mama alimwangalia kichwa mpaka miguu, akahesabu kila kiungo, kisha akafoka kwa sauti ambayo nadhani hata kule langoni iliwafikia. "Baba Nekesa, ni nani alikwambia umpe mtoto wa watu honi yako aiharibu? Unataka kuniua mimi?" Na akaketi pale pale jukwaani, kwenye maji, akalia kwa kwikwi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akilia.

Tulikuja kuelewa baadaye. Mabehewa ya nyuma ndiyo yaliyoanguka, injini ikavutwa kwa nguvu, na baba akatupwa kwenye vyuma, mkono ukavunjika mara tatu. Hospitali kubwa ilikuwa Nakuru, barabara zilikuwa matope matupu, na reli ya mbele ilikuwa salama. Wakaifungua injini na yale mabehewa mawili ya mbele kutoka kwa mengine, Kiprono akaendesha. Walipofika pale pa kuteremkia mjini baba alijaribu kushika kamba kwa mkono wa kushoto, akashindwa. Akamwambia Kiprono apige kama yeye anavyopiga, ili mkewe asikae na wasiwasi.

"Mama, nilijaribu," Kiprono alisema, bado analia. "Mkono ulikuwa unatetemeka."

Mama alimshika Kiprono uso kwa mikono miwili, masizi na yote. "Umejaribu, mwanangu. Umenifikishia mtu wangu."

Mkono wa baba ulipona umepinda, na hakuendesha treni tena. Walimpa kazi stoo, ya kugawa taa na vibendera, na alikuwa na haya nayo miezi ya kwanza, hataki hata kupita walipo madereva wenzake wa zamani. Kiprono alipandishwa akawa dereva. Siku moja alikuja amevaa shati jipya, akamwomba baba ruhusa ya kuichukua ile honi, iwe yake. Baba akamwangalia mama. Mama akasema, "Ipige. Lakini mkia uachilie, usiukate." Miaka yote iliyobaki ya injini zile, Kiprono akipita, baba alikaa nje na mkono wake uliopinda, akimsahihisha. "Leo ameharakisha," anasema. Au, "Eeh, hapo sasa." Nilimpenda baba zaidi nikimsikia akisema "hapo sasa."

Na mimi? Nilingojea kandambili wiki nzima. Jumamosi ilipofika mama alinikuta navaa viatu, nikagandia pale mlangoni. Alinipa kikopo. "Kama unapita huko," alisema bila kunitazama, "niletee bizari."

Injini za mvuke ziliondoka, zikaja za dizeli, zenye honi ya kubonyeza. Zote zinalia sauti moja, na kweli hakuna wa kulaumiwa. Landi bado zipo, mabati yameota kutu. Baba na mama wamelala Bungoma, bega kwa bega. Sisi wa Nakuru sasa tunaitwa jiji. Mwezi uliopita nilipita mtaa ule wa zamani, na ile miaka ya saruji juu ya maduka imefunikwa na mabango ya simu. Vichochoro vingine vimewekwa mageti, vingine vimejaa mitumba. Vijana walikuwa wamesimama pale verandani wakipiga picha chipsi zao kabla ya kuzila. Niliwaambia hapo walikaa mafundi cherehani, wakanijibu, "Wow, mathe," kwa upole, wakaendelea na chipsi. Ni watoto wazuri. Hawakunifukuza.

Kitinda mimba wangu anaitwa Barasa, kwa jina la babu yake, na ni dereva wa trela. Mombasa mpaka Malaba, kwenda na kurudi. Anapita Nakuru kila wiki, kilomita mbili kutoka mlangoni kwangu, na hasimami, maana trela hulala Salgaa, kile kituo cha malori mbele kidogo. Akishafika ndipo ananiandikia. "Fiti." Neno moja, wiki nenda wiki rudi. Nimekuwa mwalimu miaka thelathini na sita, nimesoma miandiko ya kila aina, na hilo neno siwezi kulisoma. Ameliandika akiwa na usingizi? Ana homa? Ni yeye kweli, au ni mwenzake aliyeokota simu? Mama yangu alimjua mtu wake kwa pumzi ya honi iliyotoka mlimani, katikati ya vigelegele vya landi nzima. Mimi nina simu yenye ramani na saa na picha, na sijui.

Juzi mvua ilinyesha. Redio ikasema trela imeanguka kwenye mteremko ule wa Salgaa, dereva hajatambuliwa. Mnaijua ile barabara. Achieng, ambaye mpaka leo ni jirani yangu na mpaka leo ni mwongo, alikuwa amekuja kunitembelea. Nilikaa na simu mkononi. Baada ya nusu saa ikamulika. "Fiti."

"Haya basi, si amesema yuko fiti?" Achieng akasema. "Kunywa chai, mwalimu."

Nilimpigia. Iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, akashika.

"Mathe, si nimekutext?"

"Nimeiona. Ongea."

"Niongee nini?"

"Chochote. Ongea tu."

Akacheka, akadhani nimezeeka. Kisha akaanza kunieleza juu ya mvua, na msongamano ulioanzia kwenye ajali, na nyama ya Salgaa ilivyokuwa ngumu leo. Sauti ilikuwa na uchovu, na kikohozi alichokuwa ananificha. Ilikuwa yake.